Uhakiki wa Shangazi Pilipili

Wasomaji wa gazeti lile walianzia nyuma, kwenye safu ya vitabu ya Shangazi Pilipili. Kila Jumamosi Shangazi alimchambua mwandishi mmoja kama mchele, na watu wakacheka. Wasichojua ni kwamba Shangazi hakuwepo. Jina lilikuwa mali ya gazeti, na aliyeandika alikuwa mwanahabari wa meza ya pembeni, mwanamke mpole hata kuomba kalamu anaona haya. Alikuwa amekula kiapo cha kutomwambia mtu. Hata baba yake, mpenzi mkubwa wa Shangazi, hakujua.

Sasa mwanahabari huyo ametoa riwaya kwa jina lake halisi. Ndani yake mna tajiri mwenye gazeti anayelipa watu wamsifu. Mwajiri wake, mwenye gazeti lile, aliisoma, akajiona humo.

Mhariri akamwita, akafunga mlango.

"Dada, bosi amechukia. Anataka Shangazi akichambue kitabu chako. Jumamosi hii."

"Nijichinje mwenyewe?"

"Usipotaka, nampa yule wa michezo. Na safu anabaki nayo moja kwa moja."

Yule wa michezo! Mtu ambaye kwake kila kitu ni moto wa kuotea mbali! Hapo ndipo kiburi kilipomponza mwanamke wa watu. Angeweza kukataa, akaondoka na heshima yake. Lakini hakuvumilia Shangazi aropoke ovyo. Akasema ataandika mwenyewe, akijidanganya kwamba mkono wake utakuwa mwepesi.

Wapi! Nani aliyejua ubovu wa kitabu kile kama yeye? Alijua sura zilizoandikwa kwa uchovu. Alijua wapi aliogopa. Akaandika kwamba mke wa kwenye hadithi anacheka kama tangazo la dawa ya meno. Miaka yote alikuwa akiwachoma wenzake, na mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Sasa ulikuwa mbavuni mwake, na aibu ni kwamba bado aliuonea utamu. Mhariri alisoma akacheka mpaka akavua miwani. Hakubadilisha hata neno.

Jumapili akaenda kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Riwaya ilikuwa mezani, juu yake gazeti la jana. Mzee alimtazama kwa huruma iliyomkata maini.

"Nilikuwa nimeshaanza, na nilikipenda, sikufichi. Yule mke, kicheko chake, nilimsikia marehemu mama yako kabisa."

"Basi endelea, baba."

"Niendelee vipi? Shangazi amesema kicheko kile ni cha uongo. Mimi nani mbele ya Shangazi?"

Binti alitaka kumwambia ukweli. Angesema nini, kwamba aliyemcheka marehemu ni yeye?

Mzee akamrudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Usiumie, mama. Uandishi si wa kila mtu. Shukuru una kazi yako pale gazetini."