Saa Tatu Mbele

Lile jiwe halikuwa na jina, namba tu. Asteroidi ya ukubwa wa kanisa, ipite karibu na Dunia kisha ijiendee miaka thelathini. Chama chetu cha darubini, mwendo wa saa moja kutoka mji wa Kuopio, Finland, kilipewa kazi ya kupima lilipo siku tatu mfululizo ili wataalamu wakokotoe njia yake angani. Mimi nilipima. Mzee Taisto, fundi mstaafu wa reli, alitia sahihi na kutuma.

Jumamosi, kwenye kahawa, mwenyekiti wetu Oili akasoma jibu lao: vituo vinne vimeelekeza darubini pale tuliposema, na hakuna kitu. Wasipolipata wiki hii, limepotea.

"Labda limeingia sauna," nikasema. Wote wakacheka, isipokuwa Taisto.

"Ni mimi," akasema. "Namba nilizipitia mara mbili. Macho yamekwisha, Oili. Tafuta mwingine wa kutia sahihi."

"Acha maigizo, Taisto. Kula andazi."

"Sifanyi maigizo, mama. Nimeacha."

Nikarudisha andazi langu la mdalasini sahanini. Kompyuta mpya ya darubini niliiandaa mimi, kwa mbwembwe zote, nikaiacha kwenye saa ya Finland. Wapima anga wote huandika kwa saa ya pamoja ya dunia nzima, na Septemba sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Jiwe lile kwa saa tatu hufika mbali. Mwaka jana Taisto aliteleza hivyo hivyo, mara moja tu, nami nikambandika jina la Saa ya Jikoni. Jina likashika.

"Saa," nikasema.

"Saa imefanyaje?" Oili akauliza.

"Niliacha ya hapa. Kila kipimo, toeni saa tatu."

Taisto akavuta kompyuta, akapunguza, akakokotoa upya. Vipimo vyote vikakaa kwenye mstari mmoja.

"Umejua tangu lini, Helka?" akaniuliza.

"Alhamisi."

"Ungesema siku ile, kwa hizo saa tatu ningekutania mpaka Krismasi," akasema Taisto. Heri angenitania.

Akaandika masahihisho, akainuka, akaniachia kiti. "Hapa chini weka jina lako wewe."

Nikaliweka. Oili alikuwa akikusanya vikombe, na hakuna aliyenigeukia kungoja niseme kitu cha kuchekesha.