Finjani ya Asaad

Asaad alikuwa bado hajatikisa finjani yake, na bibi yangu, Bi Saliha, alikuwa ameshaanza kunifinya paja.

"Huyu kijana vipi?" akaninong'oneza. "Hata kukataa kahawa hajui?"

Kwetu Oman ukitosheka unatikisa finjani, basi, mwenyeji anaacha kukumiminia na wageni mnaanza kuaga. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Asaad akanyoosha mkono tena, mwenyeji wetu Bi Wadha akammiminia tena, nami nikatamani ardhi inimeze.

Siku ile ndiyo ilikuwa ya kuamua. Asaad alikuwa ameniposa, baba ameridhika, lakini neno la mwisho lilikuwa la bibi, na bibi hamtaki. Wazee wake Asaad walitokea Bujumbura, na kwa bibi, aliyezaliwa mtaa wa Malindi, Unguja, huko Bujumbura kote ni bara tu, ustaarabu watautoa wapi?

"Atupeleke Sur tukatembee," alisema. "Nimtazame kwa macho yangu."

Basi tukatoka kwetu Ibra na jua kali. Sur ikatupokea kwa upepo wa vumbi, mara manyunyu, mara jua tena, kama mtoto asiyejua analia au anacheka. Asaad akatuonyesha daraja, akatuonyesha mnara wa Aija, na bibi nyuma yetu anatafuta kosa halioni. Tulipoingia vichochoroni mvua ikamwagika kwelikweli, tukajibanza kwenye mlango wa nyumba kongwe. Mwenye nyumba, Bi Wadha, akamsikia bibi akilalamika kwa Kiswahili, akachomoza kichwa.

"We bibi, mtoto wa wapi?"

"Malindi."

"Na mimi Malindi!"

Lahaula, vicheko vile! Akatuingiza ndani, kahawa ikaletwa, wakakaa mkekani wakaanza kuwataja majirani wa zamani, nyumba hata nyumba, nani alimuoa nani, nani alikuwa na mdomo. Tangu babu afariki sikuwahi kumsikia bibi akicheka namna ile. Mvua ikaacha, jua likaingia mpaka miguuni petu, na Asaad bado anakunywa.

Garini bibi akamvaa.

"Mwanangu, kwenu hamtikisi finjani?"

"Tunatikisa, bibi." Uso ulikuwa umemwiva kwa haya. "Lakini ningetikisa, ingebidi tuage. Na nyinyi mlikuwa hamjafika hata nusu ya mtaa."

 Tulivuka daraja, tukauacha mji, mvua ikaanza upya na kukoma.

"Rehana," bibi akasema mwishowe, "mwambie baba yako mimi sina neno."

Mwaka huu tumemzika bibi. Kwenye matanga kaka yangu Nadhir ndiye aliyekuwa akimimina kahawa upande wa wanaume. Wageni walipokwisha kuondoka akanifuata uani, dele la kahawa bado lipo mkononi.

"Mumeo ana nini leo? Kabaki peke yake, namimina, namimina, hatikisi."

Nikamwambia amimine tu.