Mwana wa Malafyale Apokea Ardhi

Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, Nelson alisimama juu ya kreti la soda kwenye kibanda cha Hajira, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, akipimwa ngozi ya chui. Chui mwenyewe alikuwa blanketi. Hajira alikata ukingo ili lebo isionekane.

"Simama vizuri, mfalme," alisema, pini mdomoni. "Mabega yenyewe huna. Chui atakaa wapi?"

"Weka sponji."

"Chui wa sponji. Haya, sijawahi kukataa kazi."

Nelson alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha tano, mtoto wa tatu wa Malafyale Meshaki. Malafyale ndiye chifu wa Wanyakyusa. Kwa kuwa serikali ilishaondoa utawala wa machifu, kazi ya baba yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele misibani. Kiti hicho kingerithiwa na kaka mkubwa. Kaka mkubwa asipokuwepo, angekirithi wa pili. Nelson angekipata kama kaka wote wawili wangepanda basi moja bovu, na kwa kuwa aliwapenda, aliishi bila matumaini. Bwenini alijitambulisha kama Mtukufu. Wenzake walimheshimu ipasavyo: walimwachia maharage ya mwisho kwenye sufuria, yale yenye maji matupu.

Mwaka huo wazee waliamua kufufua ubusoka. Zamani, vijana walipopevuka, kizazi cha baba zao kilihama kuwapisha, na mwana wa malafyale akakabidhiwa ardhi ya kuanzia. Kaka zake walikuwa na kazi mijini na hawakutaka kuja. Nelson alikuwa likizo, kwa hiyo alifaa.

Shida ilikuwa kwamba hakuna mzee aliyetaka kuhama. Mzee Amoni, mkubwa wa baraza, alikuwa ndiyo kwanza anaweka vioo kwenye nyumba yake mpya pale Suma. Wengine walikuwa na mashamba ya chai, wengine ya parachichi. Baraza likakaa vikao vitatu na kukubaliana kwamba atafutwe mtu mmoja wa kuhama kwa niaba ya kizazi kizima. Wakampata Mama Winfrida, mjane asiye na mtoto wa kiume, mwenye robo ekari ya migomba aliyoihudumia miaka thelathini na moja.

Jioni ya Jumamosi ile Nelson alimkuta akimenya ndizi.

"Ugonile, mama."

"Ndaga. Kaa. Hilo likofia umevaa la nini?"

"Ya kesho. Ya manyoya."

"Ya kuku." Aliendelea kumenya. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sina pengine pa kwenda. Kesho Amoni atakuuliza kama unaipokea ardhi. Ukikataa, imeisha. Mila haiwaruhusu kuuliza mara mbili."

"Nitakataa, mama."

"Ukatae kwa sauti. Yule masikio yake yana kazi nyingine."

Nelson aliapa. Alikula sahani mbili za mbalaga, zile ndizi za kupikwa, na kuondoka akijiona mtetezi wa wajane wote wa Rungwe.

Kesho yake, baada ya ibada, turubai lilifungwa kando ya shamba la Mama Winfrida, hapo hapo Suma. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki. Nelson alitoka akiwa na chui wake begani, na akina mama wakapiga vigelegele. Hakuwahi kupigiwa vigelegele maishani. Sabrina, anayesoma naye darasa moja, alinyanyua simu na kuanza kurekodi.

"Mwana wa malafyale," aliuliza Mzee Amoni, "unaipokea ardhi hii?"

Nelson alivuta pumzi kusema hapana. Likatoka neno jingine, kwa sauti nene ambayo hakujua anayo, "Naipokea." Akaongeza na kuinama kidogo. Baadaye alijichunguza sana kama alirogwa. Hakukuta uchawi wowote. Alijikuta yeye tu.

Mama Winfrida alijitwika sufuria na kushika njia ya Igogwe. Migomba ikanyanyuka. Iling'oa mizizi, ikakung'uta udongo kama wanawake wanaoinuka kwenye mkeka, ikamfuata kwa mstari mmoja, machipukizi nyuma.

"Wenye pikipiki tunaomba msogeze, migomba ipite," alitangaza mshereheshaji.

"Ule wenye mkungu ungefungwa kamba," alisema bibi mmoja. "Utaanguka mteremkoni."

Uliobaki ulikuwa udongo mtupu wenye mashimo arobaini na matatu. Nelson alisimama katikati, akitawala. Pilau likagawiwa.

Huko Igogwe binamu yake Mama Winfrida alimwazima kipande kando ya kijito. Migomba ikajipanda. Wiki iliyofuata baraza lilikaa na kusoma muhtasari wake lenyewe, ulioeleza kwamba mwana wa malafyale amepewa "shamba la migomba". Mashimo siyo migomba. Hivyo shamba lake liko Igogwe, na ingebidi alipokee tena, mbele za watu.

Nelson alikwenda Igogwe kumwona Mama Winfrida. Safari hii hakuvaa kitu kichwani.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Radhi ya peke yako ninayo tayari, naiona usoni. Mimi nataka ile ya mbele za watu."

"Utaipata."

"Ndaga fijo," alishukuru Mama Winfrida, akamfungia ndizi za kurudi nazo nyumbani.

Jumapili turubai likafungwa kando ya kijito. Vigelegele vilikuwa vingi kuliko vya Suma. Nelson alipokea.

Sasa Mama Winfrida ameshahama mara nne, na wazee hawajahama hata mmoja. Vioo vya Mzee Amoni vimekamilika. Kila likizo Nelson huja, husimama mbele za watu, huulizwa, na kila mara hufungua mdomo akiwa na nia njema kabisa. Lakini siku hizi hakuna anayesubiri jibu lake. Fundi mitambo akianza tu kujaribu spika, "moja, mbili, moja, mbili," migomba huanza kung'oa mizizi.