Uzi Mwekundu Kitandani

Siku mama alipoanza kutuacha alikuwa amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Akauliza nani amefia humu ndani.

Baba alicheka. "Labda mimi. Ila kwa kazi za wiki hii, hata kufa ningekosa nafasi."

"Sifanyi mzaha, mume wangu. Kuna kitu kimeoza. Hamsikii?"

Tulinusa. Mimi nilisikia sabuni na vitunguu, baba hakusikia kitu. Lakini pua ya mama hakuna aliyethubutu kubishana nayo. Alifanya kazi ya kupokea nguo kwa dobi, na kule walimwita Mama Pua. Alisimama nyuma ya meza ndefu, akachukua kila nguo, akainusa kwapani na shingoni, kisha akafunga uzi kwenye tundu la kifungo. Uzi mwekundu ulikuwa wa jasho, mkojo au matapishi, na nguo hiyo ilianzia kwenye maji ya siki. Wa bluu ulikuwa wa mafuta na moshi. Mweupe ulikuwa wa nguo yenye vumbi tu, isiyo na neno. Wafuaji waliokuwa chumba cha nyuma hawakuuliza, waliangalia uzi. Mama aliweza kumwambia mteja, "Hili shati umelilalia siku mbili," na mtu mzima na heshima zake akainamisha macho.

Kwa hiyo aliposema kuna kitu kimeoza, tulikitafuta. Tulisogeza kabati, tukainua magodoro, tukamulika darini. Hatukupata hata mende. Harufu ilimkaa kama dakika mbili, macho ameyakodoa, midomo inacheza kama ya mtu anayetafuna, halafu ikapita. Kesho yake ikarudi.

Baba ni fundi bomba. Harufu hiyo aliichukua kama tusi.

"Watu watasemaje? Nyumba ya fundi bomba inuke choo?"

"Kinyozi hajinyoi, kaka," shangazi alimwambia. Huyu ni dada yake baba, na hajawahi kuona moto akakosa kuni za kuongeza. "Mabomba ya wenzio unayajua, ya kwako huyajui."

Basi baba akavunja sakafu ya jikoni. Alibadilisha bomba lote la maji machafu, kuanzia kwenye sinki mpaka kwenye shimo la nje, nasi tukawa tunaruka mtaro kwenda kupika. Alipomaliza kusakafia akamwita mama. Mama akasimama katikati ya sakafu mpya, akanusa, akasema, "Bado." Siku iliyofuata baba akaanza kuvunja bafuni.

Mwezi wa tatu harufu ikanifikia mimi.

Mama hakuwa mtu wa kubusu. Tangu nikiwa mdogo alininusa utosini kila asubuhi kabla sijatoka, akasema, "Haya, nenda." Hata nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kuuza madaftari na kalamu dukani, aliendelea kuninusa. Asubuhi hiyo aliniinamia kama kawaida, kisha akarudi nyuma na kuziba mdomo.

"Kumbe ni wewe."

"Mimi nini, mama?"

"Unanuka. Baba yako anachimba nyumba miezi mitatu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Umefanya nini mwilini mwako, wewe mtoto?"

Nilioga. Nikaoga tena. Niliosha kichwa kwa sabuni ya kufulia, kisha nikanyoa nywele zote. Jioni nikampelekea chai, akatapika kabla sijaiweka mezani. Tangu siku hiyo nilikula nimekaa nyuma ya mlango. Shangazi aliniita pembeni, sauti chini.

"Niambie mimi, sitamwambia mtu. Una mimba?"

"Sina."

"Pua ya mama yako haijawahi kukosea."

Nikaanza kujinusa. Nilinusa makwapa yangu, pumzi yangu kwenye kiganja, nguo zangu za ndani. Sikupata kitu, na hilo ndilo lililonitia kichefuchefu zaidi. Nilikuwa nauchukia mwili ambao sikuliona kosa lake.

Mwezi wa nne mama alianguka kazini. Alianguka nyuma ya meza, suruali ya mteja mkononi, akatetemeka mwili mzima na kujikojolea. Wenzake walimfunika kwa shuka la mtu.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alituambia ni saratani ya ubongo, upande wa kulia, karibu kabisa na mahali ambapo ubongo unapokea harufu.

"Ile harufu ilikuwa inatengenezwa humu," alisema, akagusa juu ya sikio lake mwenyewe. "Ilianza lini?"

Baba akataja tarehe aliyonunua saruji. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mabomba yalikuwa mazima?"

"Sijui habari za mabomba, mzee," daktari alisema. Baba akaitazama mikono yake mpaka tulipotoka.

Walimpasua wakatoa walichoweza. Baada ya hapo ikaja mionzi, siku tano kwa wiki, wiki sita. Walimtengenezea kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichokaza uso wake na kubanwa kwenye meza ili kichwa kisicheze. Alipokivua, matundu yalibaki yamechorwa mashavuni mpaka tufike nyumbani. Duka la madaftari niliacha. Mtu wa kumpeleka na kumrudisha nilikuwa mimi.

Ile harufu ilikuwa imeisha. Siku ya kwanza aliporudi kutoka hospitali alinivuta kichwa kwa mikono miwili, akaninusa utosini kwa muda mrefu, tena na tena.

"Sisikii kitu," alisema. "Hata wewe sikusikii."

Zilikuwa zimeondoka zote. Moshi, siki, chai, mimi.

Sasa naandika yale ambayo ningependa kuyaficha. Mimi ndiye niliyeanza kumchukia kwa pua. Dawa zilimvimbisha uso zikampa njaa isiyo na haya. Alikula kama anayefukuzwa, na chakula kikamtoka upande wa kushoto wa mdomo asijue, kikakaukia kidevuni. Upande wa kushoto alikuwa haoni tena, hivyo alikula nusu ya sahani na kulalamika kwamba nimempunja. Nikiizungusha sahani alishangaa. "Kumbe ulikuwa umeficha!" Kidonda cha kichwani kilikuwa kinavuja. Alijikojolea akaukalia mkojo bila habari, yeye aliyekuwa akiwaambia wateja habari za mashati yao. Kabla ya kuingia chumbani kwake nilisimama mlangoni, nikavuta hewa ya ukumbini, kisha nikaingia napumua kwa mdomo. Kikombe na kijiko chake nilivitenga na kuviosha kwa maji ya moto, ingawa daktari alishasema saratani haiambukizi. Baba aliniona nikivitenga. Naye alikuwa amehamia kulala kwenye kochi, eti mgongo unamsumbua.

Wageni walikuja. Mama aliwauliza wote swali moja: "Nanuka?"

"Ah, wifi, unanukia kama ua," shangazi alijibu, amekaa karibu na mlango, leso puani, anajifanya ana mafua.

"Hunuki hata kidogo, mke wangu," baba alisema akiwa dirishani.

Wiki ya nne ya mionzi nilikuwa nabadilisha shuka. Mama alinishika mkono.

"Nanuka?"

Shuka lilikuwa kifuani kwangu, limelowa. Nikasema, "Ndiyo. Unanuka. Unanuka mkojo, unanuka usaha, mdomo wako unanuka, na chumba kizima kinanuka. Mpaka nguo zangu zinanuka wewe."

Sikusema ili kumsaidia. Nilitaka aumie. Nilitaka apate kile nilichokipata mimi asubuhi ile aliporudi nyuma na kuziba mdomo. Nilisimama pale nikisubiri alie.

Akauliza, "Mkojo wa leo au wa jana?"

"Nini?"

"Huo wa kwenye shuka. Wa leo au wa jana?"

Nikanusa. "Wa jana."

"Wa jana hautoki kwa sabuni, unajificha tu. Tia siki kwenye maji baridi, loweka mpaka mchana, ndipo ufue. Na huo usaha, unanukaje?"

"Kama usaha, mama."

"Hilo siyo jibu. Chuma au nyama?"

Ilinibidi niiname. Tangu walipompasua nilikuwa sijausogeza uso wangu kwenye kichwa chake. Niliweka pua yangu juu ya sikio lake, pale daktari alipoonyesha kwa kidole, nikavuta pumzi.

"Nyama," nilisema. "Nyama iliyolala."

"Basi mwambie muuguzi kesho. Nguo yenye harufu hiyo haiponi kwa kuangaliwa."

Muuguzi alifungua bandeji, akaita daktari, na daktari hakuwa na ile sauti ya upole. Kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani. Walikisafisha, wakampa dawa ya sindano siku kumi, mionzi ikasimama kwanza. Daktari aliuliza nani aligundua. Mama akaninyooshea kidole upande wa kulia, ambako sikuwepo. Nikahamia upande huo.

Tuliporudi nyumbani aliniambia nimletee mkebe wake wa nyuzi.

"Baba yako ni mwongo. Wifi yangu ni mwongo zaidi. Wewe una roho mbaya, ndiyo maana nakuamini. Kila asubuhi uninuse, kisha ufunge uzi hapo kwenye chuma cha kitanda. Upande wa kulia, nisije nikautafuta."

"Na wageni wakiwepo?"

"Ndiyo sababu ya uzi, mjinga wewe. Sitaki unitangaze."

Tukaanza. Mwekundu, namuosha na kumbadilisha kila kitu. Bluu, nambadilisha gauni tu. Mweupe, anaruhusu watu waingie. Alinikagua. Nikifunga mweupe haraka aliuliza, "Kwapa umenusa? Shingo je? Usinifanyie kazi ya kulipua." Nilijifunza kujua homa kabla kipimo hakijaijua, na kujua siku ambazo hakumeza vidonge, maana vilimnuka mdomoni vikiyeyuka chini ya ulimi. Kichefuchefu hakikuisha. Sitaki mtu aseme kiliisha. Niliingia nacho chumbani kwake kama baba anavyoingia shimoni na chake.

Shangazi aliuona uzi mwekundu siku moja aliyokuja bila taarifa.

"Hii ni nini? Mmeanza mambo ya waganga?"

"Ni wa kuzuia waongo," mama alisema.

"Na unafanya kazi?"

"Sogea uone."

Shangazi akarudisha kiti chake nyuma. Mama alicheka mpaka mate yakamtoka upande wa kushoto. Nilimfuta.

Siku nyingine, nikimvalisha, alisema, "Ile asubuhi niliyokuambia unanuka."

"Nakumbuka."

"Kwangu ulinuka kweli. Sikukusingizia."

"Najua, mama."

"Haya," alisema, akanyanyua mkono mwingine uingie kwenye gauni. Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Mionzi iliisha, tukapata miezi mitano. Kisha picha mpya ikaonyesha uvimbe umerudi na kuvuka upande wa pili. Maneno yalimpungua, akabaki na "haya" na "bado". Halafu akabaki na macho. Kila asubuhi macho yalikwenda kwenye chuma cha kitanda kwanza, ndipo yakaja kwangu. Asubuhi ya mwisho nilimuosha, nikamnusa kwapani, shingoni, juu ya sikio, mdomoni. Nikafunga mwekundu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Pumzi yake ilikuwa na harufu ambayo sikuwa nimeikuta hata siku moja, na mkebe haukuwa na rangi yake. Aliutazama uzi. Nilikwenda kuchemsha maji ya kumuoshea tena. Niliporudi na beseni baba alikuwa amekaa kitandani, ameshika mguu wa mama, na mama alikuwa amekwisha kuondoka. Ilikuwa saa nne.

Nilimuosha hivyo hivyo. Maji yalikuwa bado ya moto.

Kwenye matanga shangazi aliwaambia watu, "Wifi yangu amekwenda anang'ara, ananukia kama ua. Nilikuwa naye mpaka dakika ya mwisho." Hakuwepo. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilitoka nje nikatema mate kwenye mtaro.

Baba amerudi kulala chumbani. Kitanda ni kile kile, na ule uzi hajauondoa wala hajauulizia. Sakafu ya jikoni ina kovu refu la saruji tangu sinki mpaka mlangoni, na huwa anazunguka ili asilikanyage.

Wiki ya pili baada ya mazishi mwenye duka la dobi alikuja kutoa pole, akaniuliza kama nina pua ya mama yangu. Nikamwambia sina, lakini siogopi. Sasa nina mwezi mmoja pale. Bado nachanganya bluu na nyekundu, na wafuaji wananirudishia nguo wakinung'unika. Nanusa nguo kama sitini kwa siku. Nyingi ni nyekundu.