Sikio la Bulaimu

Bulaimu alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda, kichwa tu ndicho kilichobaki wazi. Makaburini wanaume wa kijiji cha Wamaza walikuwa wanachimba kaburi. Mkewe, Mwavita, alikaa mkekani miguuni pake. Hakulia tena; sauti ilikuwa imemkauka tangu alfajiri, pale mumewe, baada ya kuungua homa siku nyingi, alipopoa ghafla kama jiwe la mtoni. Hemedi, mdogo wake Bulaimu, alikuwa amemwekea unyoya wa kuku puani. Haukutikisika. Basi, wakasema, amekwenda.

Bulaimu alikuwa mkulima wa pamba kama wote, maana Wabelgiji walioitawala Kongo hawakumuuliza mtu kama anaipenda pamba. Lakini watu walimjua kwa masikio yake. Aliweza kuyachezesha, moja mbele, moja nyuma, kama mbuzi aliyesikia chui. Siku ya kuuza pamba, watu wakiwa wamechoka kungoja mizani, alikuwa anavua kofia na kuyatikisa hadi askari mwenyewe akacheka. Hata Mwavita alimkubali kwa sababu ya kicheko hicho.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia alipoingia Odile, binti wa mjomba wake Bulaimu, ametoka Lusangi kwa miguu, vumbi hadi magotini, rozari shingoni. Huyo ndiye mtani wake, na mtani hamlilii maiti. Anamtukana. Akasimama kichwani pa yule maiti, mikono kiunoni.

"We Bulaimu! Muvivu we! Unalala muchana, na pamba yako iko inaoza shambani! Ulisema utanizika mimi. Muongo! Amuka, masikio ya mbuzi!"

Wanawake wakacheka huku wanalia. Mwavita akainua macho amtazame wifi yake, na hapo ndipo alipoliona. Sikio la kushoto lilisogea. Lilivutika nyuma kidogo, kule Odile alikosimama, kisha likarudi mahali pake.

Odile alikuwa ameachama, macho kwenye sikio lile.

"Mwavita," akanong'ona. "Umeona?"

"Nimeona."

Mtu akapiga ukelele. Wanawake wakasukumana mlangoni, mtungi wa maji ukavunjika, mkeka ukalowa. Hemedi akaja mbio kutoka makaburini, udongo mwekundu mikononi.

"Ni shetani imemuingia," alisema alipoelezwa. "Tumutoe haraka. Kaburi iko tayari."

"Shemeji, sikio lake limesikia."

"Maiti hasikii!"

Tangu aolewe Mwavita hakuwahi kumpinga Hemedi, wala mwanamume yeyote wa ukoo ule. Sasa alijikuta amesimama mlangoni, mikono ameikaza kwenye miimo.

"Odile," akasema, "mutukane tena."

Odile alikuwa analia kweli sasa. Matusi yake yote ya miaka hiyo yalikuwa yamemtoroka. Mwishowe sauti ikatoka, nyembamba kama ya mtoto: "Bulaimu... mwizi wa karanga za mama yangu..."

Sikio likasogea.

Safari hii wote waliliona. Hemedi akaketi chini pale pale penye maji. Akaitazama mikono yake, kisha akaanza kuifuta udongo kwenye kanzu, anafuta, anafuta.

Walimbeba kwa tipoi, machela ya mabegani, hadi dispensari ya Kabambare, na sanda yake mwilini, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumvua. Njiani watu walisimama kando kwa heshima ya maiti, kisha wakashika vichwa walipomsikia mwanamke mwenye rozari akimtukana maiti huyo sikioni bila kupumzika.

Alimasi, munganga wa dispensari, yaani tabibu wa hapo, akaweka mpira wake wa kusikilizia moyo kifuani pa Bulaimu, akasikiliza sana. "Moyo unapiga," alisema. "Mbali, lakini unapiga." Akamchoma sindano. Siku ziliposogea Bulaimu akafumbua macho, akaomba uji.

Hakukumbuka kitu: si kuoshwa, si sanda, si matusi.

"Lakini ulimuitika Odile!" Mwavita alishangaa.

"Mimi? Sikumuitika mutu."

Alimasi akawaeleza. Nyuma ya sikio la binadamu kuna misuli midogo, sawa na ya mbwa na mbuzi. Mnyama anaitumia kugeuza sikio kutafuta sauti. Kwa watu wengi imelala, kwa wachache kama Bulaimu ina nguvu, na pengine inaamka yenyewe, mwenyewe hana habari.

Bulaimu akacheka kwa udhaifu. Mwavita hakucheka. Alimfuata Alimasi hadi nje, chini ya ukingo wa paa.

"Munganga. Na yule ambaye masikio yake hayachezi?"

"Nani, mama?"

"Riziki. Mutoto wetu. Alishikwa na homa hii hii, mwaka wa jana. Akapoa vilevile. Hemedi akaweka unyoya. Tulimuzika asubuhi ile ile. Hakuna aliyemwita."

Alimasi akauvua mpira wake shingoni, akaukunja mkononi.

"Sijui, mama," akasema. "Kweli, sijui."

Bulaimu alirudi Wamaza na kulima misimu mingi baadaye. Mwavita hakumwambia alichomuuliza Alimasi siku ile.