Daftari la Homa

Ligi ya shule za sekondari iliahirishwa mara tatu mwaka ule, na kila ilipoahirishwa Kufuli alizidi kuzeeka.

Si uzee wa mvi. Ni uzee wa kanuni. Kanuni ya ligi ilisema mchezaji asiwe ametimiza miaka kumi na tisa siku ya mechi ya kwanza. Akishaicheza hiyo, msimu mzima ni wake. Ugonjwa ulipofunga shule mara ya kwanza, alikuwa bado na miezi minane. Mara ya pili, mitatu. Kamati ilipokaa tena na kutoa tarehe mpya, aliisogelea kalenda ya ukutani, akahesabu kwa macho, akarudia kwa vidole: mechi Jumatano, yeye kumi na tisa Ijumaa. Siku mbili. Upenyo wa kupitisha uzi, lakini upenyo.

Alikuwa golikipa na nahodha wa timu ya wasichana. Jina la Kufuli alipewa na mabeki wake, kwa sababu alivyofunga lango, hata upepo ulibisha hodi. Na mwaka huo chuo cha michezo kilikuwa kinatafuta golikipa mmoja wa timu yake ya wanawake. Mmoja tu. Mkufunzi wa chuo alikuwa na kibali cha safari moja, na safari hiyo ingekuwa ya mechi ya kwanza.

Asipochukuliwa, alijua pa kwenda. Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa na saluni ya viti vitatu. Serikali ilikuwa imefunga saluni zote, kwa hiyo mlango wa mbele ulikuwa na komeo na wateja waliingia kupitia jikoni, wamejitanda khanga kama wagonjwa.

"Kiti cha tatu hicho, nimeshakifuta vumbi," shangazi alimwambia Jumapili, huku akimvuta mteja nywele mpaka macho yakamlegea. "Wewe lala uote magoli. Kichwa cha mteja nacho ni mpira, tofauti yake ni kwamba kinalalamika."

"Nitachukuliwa, shangazi."

"Mama yako naye alisema atachukuliwa. Alichukuliwa, akarudishwa na wewe tumboni."

Mteja akacheka mpaka kitana kikamchoma. Kufuli akaenda kuosha mataulo.

Kwa hiyo siku mbili zile ndizo zilikuwa maisha yake, na kitu kimoja tu kingeweza kumnyang'anya: homa. Mchezaji mmoja akionekana na homa, kamati ilisema, timu nzima ikae ndani siku kumi na nne. Kumi na nne haziingii ndani ya mbili hata uzikunje vipi.

Homa ilikuwa na daftari lake, na daftari lilikuwa mikononi mwa nahodha. Kila asubuhi kabla ya mazoezi alitakiwa kumpima kila msichana kwenye paji la uso kwa kile kipimajoto cha bastola, aandike namba, na mwisho wa wiki Kocha atie sahihi. Wiki ya kwanza alipima kwa uaminifu. Wiki ya pili akagundua kuwa wote kumi na nane hawatoki kati ya thelathini na sita nukta mbili na nukta nane, kama watoto wa tumbo moja. Wiki ya tatu akaanza kujaza mapema. Jumatatu asubuhi anakaa kwenye ngazi za darasa, anajaza mpaka Ijumaa, akibadilisha badilisha tarakimu zisifanane. Baada ya hapo ile bastola ikawa mchezo. Aliwaelekezea, nao wakainua mikono juu: "Usiniue afande, nina mchumba!"

Kocha alitia sahihi jaladani, bila kufungua. Kamati nayo haikuwa na kipimo. Ilikuwa na muhuri.

Jumatano ikafika. Walivalia jezi ndani ya darasa la kidato cha pili, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna hesabu za mwaka uliopita zisizofutwa. Twiga alikaa pembeni na sweta lake. Huyu alikuwa beki wa kati, mrefu mpaka kwenye picha za timu walimkata kichwa, na yeye na Kufuli walikuwa wameanza kidato cha kwanza dawati moja.

"Kufuli, leo nipime kweli."

"Kwani siku zote nakupima uongo?"

"Sitanii. Nasikia baridi. Mifupa kama imepigwa nyundo."

Kufuli akamwekea kipimo kwenye paji la uso. Kikalia. Akageuza kioo upande wa kifua chake, akasoma: thelathini na nane nukta tisa.

Nje filimbi ya waamuzi ilikuwa inajaribiwa. Kupitia dirishani alimwona mwanamke wa makamo, kofia ya chuo kichwani, barakoa kidevuni, anachagua pa kukaa kwenye benchi tupu lililokatazwa watazamaji.

Kufuli hakuwa na moyo wa jiwe. Jiwe halina hesabu. Yeye alikuwa nayo.

"Thelathini na sita nukta nne," akasema.

"Hakika?"

"Unataka nikuandikie cheti? Huo ni woga, Twiga. Vua sweta."

"Kamwona straika wao, homa ikampanda!" akadakia winga. "Mkanyage kwanza yeye, utapona!"

Darasa zima likaangua kicheko. Twiga naye akacheka, meno yakigongana. Akavua sweta, akalikunja vizuri juu ya dawati. "Basi kama si homa, sawa," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa ya kwetu. Bibi yuko chumba kimoja na mimi."

"Huna kitu. Twende."

Mechi haikuwa na mashangilio. Uwanja mtupu ulirudisha kila sauti, na iliyosikika zaidi ilikuwa ya Kufuli. "Panda, Twiga! Panda! Umelala? Twiga, rudi! Mguu huo umeazima?" Kipindi cha kwanza Twiga alikimbia. Cha pili alikuwa kama mtu anayevuka mto, maji kiunoni. Straika wa wenzao aliliona hilo upesi, akawa anapita upande wake tu, mara nne, mara tano, na kila alipopita alimkuta Kufuli. Akaupangua mmoja kwa ngumi, mwingine kwa goti. Dakika ya sabini Twiga alimshika straika jezi kwa sababu hakuwa na kingine cha kumshika. Penalti ikapigwa chini kushoto, na Kufuli akalala juu yake kama kuku juu ya yai. Dakika tano baadaye winga akafunga.

Zilipobaki dakika chache Twiga alikaa chini katikati ya uwanja. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyefika kwake.

"Mtoeni, anapoteza muda!" Kufuli akapiga kelele. Wawili wakamshika makwapa, wakamburuta mpaka nje ya mstari.

Baada ya filimbi ya mwisho mkufunzi wa chuo alimfuata langoni.

"Una bahati, binti," akasema. "Beki wako alikuwa gogo leo. Golikipa asiyepigiwa mashuti simjui, wewe nimekujua. Jumatatu niletee vyeti vyako, na daftari la afya la timu. Chuo hakipokei mzigo wa ugonjwa."

Kufuli akaitikia, "Ndiyo, mkufunzi," akivua glavu.

Alhamisi alfajiri kaka yake Twiga alimbeba mgongoni mpaka kituo cha gari la wagonjwa, miguu mirefu ikiburuzika chini. Ijumaa asubuhi majibu yakatoka. Kabla ya saa sita kamati ikapiga simu shuleni: kesho tunakuja, tunataka daftari.

Kocha alimwita Kufuli ofisini, chumba kilichokuwa stoo ya ramani. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na sauti ile ndiyo wasichana waliyoiogopa. Alifungua daftari kwa mara ya kwanza tangu lianze.

"Nisomee hapa."

"Alhamisi. Thelathini na sita nukta tano."

"Ya nani?"

"Twiga."

"Jana asubuhi Twiga alikuwa na mpira wa hewa puani. Wewe ukampima uwanjani. Na leo, Ijumaa, nukta tatu! Anapona haraka huyu. Kumbe dawa ni daftari lako."

Kufuli alikuwa amesahau. Jumatatu ile mkono wake ulishafika Ijumaa kabla ya Ijumaa kuzaliwa.

"Nilijaza mapema, Kocha."

"Naona. Na Jumatano? Alikuwa na ngapi?" Kisha akainua kiganja haraka. "La, usiniambie. Nisilolisikia sitaulizwa."

Akavuta droo. Akatoa daftari jipya, jalada la bluu kama la kwanza, na kalamu nne.

"Andika upya. Wiki zote sita. Badilisha kalamu kila baada ya siku mbili tatu. Hakuna timu yenye kalamu moja isiyoisha wino. Wiki hii ishia Jumatano."

"Na Twiga?"

"Twiga, Jumatatu mpaka Jumatano, hana namba. Andika: alikataa kupimwa."

Kufuli akamtazama. "Sasa alichezaje, kama alikataa?"

"Wewe ulidhani nimempima mimi. Mimi nilidhani umempima wewe. Kudhani hakujawahi kumfukuza mtu kazi."

"Watamfungia, Kocha."

"Miaka miwili. Yuko kitandani, atachezea wapi? Wakikufungia wewe, chuo kimekufa leo hii." Akamsogezea kalamu. "Lakini una haki ya kusema ukweli. Simu ya kamati ile pale. Mimi nitatoka nje kidogo nikuache."

Akatoka kweli. Simu ilikaa mezani, nyeusi, waya wake umejisokota. Kufuli aliitazama muda wa kutosha mtu kukariri namba. Kisha akavuta kiti, akaandika tarehe ya kwanza.

Aliandika kwa muda wa saa tatu. Kalamu ya bluu, nyeusi, ile inayovuja, tena bluu. Alikuwa na mwandiko mzuri na akajilazimisha kuuharibu kidogo, hapa kwa haraka, pale kwa mkono wa mtu mwenye baridi. Alipofika kwenye mstari wa Twiga, maneno yalikuwa marefu kuliko kisanduku, ikabidi ayabane. *Alikataa kupimwa. Alikataa kupimwa.* La tatu likatoka vizuri kuliko yote. Kocha aliporudi alilisugua jalada sakafuni, akalidondoshea chai pembeni, akalikunja na kulikunjua. Lile la zamani likaenda kwenye jiko la kuni la shule, na mpishi hakuuliza.

Saa kumi mama yake Twiga akaletwa. Alikuwa mshonaji, ndiye aliyewashonea timu barakoa kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, na alikuja na futi ya kupimia bado shingoni, amesahau kuivua.

"Karibu, mama, keti," Kocha akasema. "Pole sana. Tuna karatasi ndogo tu, ya mzazi kukiri kwamba ameelezwa. Mtoto alikuwa na homa akaificha. Alikataa kupimwa siku tatu. Wahenga walisema, mama: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siombei, lakini walisema."

Mama akageuka kwa Kufuli. "Wewe ndiye uliyekuwa unawapima?"

"Ndiyo, mama."

"Akakukatalia wewe? Wewe, uliyekula kwangu?"

"Alikataa, mama."

Lilitoka kirahisi. Hilo lilimshangaza.

"Ana bibi yake mule ndani," mama akasema taratibu. "Tangu jana anakohoa. Huyu mtoto alijua, akaja kulala naye chumba kimoja."

Hapo simu ya mama ikalia. Hospitali haikuruhusu kutembelewa. Muuguzi aliwapigia wazazi kila siku saa kumi, akawashikia wagonjwa simu masikioni. Mama akabonyeza spika kwa kidole chenye alama za sindano.

"Mama." Sauti ilikuwa ya Twiga, lakini nyembamba, kila neno na pumzi yake.

"Kwa nini ulikataa kupimwa? Eh? Unataka kumuua bibi yako?"

"Nani... kasema?"

"Nahodha wako yuko hapa mbele yangu!"

Mashine ikasikika ikilia tii, tii. Kocha alikuwa anatazama kucha zake.

"Kufuli," ikasema simu. "Upo?"

"Nipo."

"Si uliniambia... sina homa? Nilikuomba... ukanipima. Mwambie mama."

Mama aliacha mkono hewani, simu katikati yao, kama mtu aliyeshika taa. Macho yake yalikuwa kwa Kufuli, na hayakuwa na hasira, yalikuwa yanasubiri. Neno moja tu lingetosha, na mwanamke huyu angekwenda nyumbani akiwa na binti mwongo au binti mwema.

Kufuli akainama karibu na simu, asisemee mbali.

"Sikukupima, Twiga. Ulikataa. Ugua pole."

Pumzi zikaja mbili, ya tatu ikakawia. Kisha muuguzi akasema mgonjwa asichoshwe, na laini ikakatika.

Mama alibaki ameshika simu. Kisha akaiweka mezani kifudifudi, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Msamehe mwenzio," akasema. "Ni ile homa. Inamtoa akili, anasema yasiyokuwepo."

"Si kitu, mama," akasema Kufuli, akamwekea kidole pa kutia sahihi.