Mahali pa Kifungua Mimba

Tusidanganyane, Owiti alikuwa na kiburi. Baba yake alipokataa amwoe Mumbi, binti wa mfanyabiashara Mkikuyu wa Kisumu, alibeba begi lake akaondoka kwao Usenge kimya. Hata mzee alipofariki hakuja. Jamani, hata kuzika!

Sasa alikuwa anarudi, peke yake. Mumbi ndiye aliyemsukuma: "Nenda ujue kama bado una kwenu. Wakikufukuza, mimi niko."

Njiani aliwaza jambo moja. Ogola, mdogo wake, lazima alishajenga pale karibu na lango la boma, mahali anapotengewa kifungua mimba. Na nani angemlaumu?

Akafika, akashangaa. Mahali pake palikuwa patupu, nyasi zimefyekwa vizuri. Ng'ambo yake kilisimama kile kibanda cha udongo cha ujana wa Ogola, mabati yameoza kwa kutu. Mlangoni mwanamke alikuwa akimwaga maji ya mvua kutoka kwenye sufuria.

"Mimi ni Owiti," akasema kwa woga.

Mwanamke akamkagua kuanzia utosini hadi viatuni. "Kumbe ndiwe! Mimi Winny, mke wa Ogola. Shemeji, kila mvua ikinyesha nimekutukana."

Ogola akatoka mbio akamkumbatia, hakuuliza lolote. Nyuma yake Owiti aliona rundo la matofali yaliyoota majani.

"Matofali unayo. Mbona unanyeshewa?"

"Nijenge kabla yako? Wewe ndiye mkubwa, unaanza wewe," Ogola akasema. "Watu waliniambia nikuruke. Nikikuruka, si nitakuwa nimetangaza umekufa?"

Owiti akanyoosha kidole langoni. "Na pale, nani anafyeka?"

"Mzee alikuwa anafyeka mwenyewe. Hakutaka hata ng'ombe afungwe hapo. Alipoenda, nikaendelea mimi."

Hapo kiburi chote kikamwisha. Owiti aliketi juu ya matofali akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Alimlilia baba aliyemkatalia kwa mdomo huku akimtunzia mahali kwa panga. "Asanteni," akarudia, "asanteni sana," na hakuona haya. Kisha akampigia Mumbi simu: "Njoo. Tuna kwetu."

Winny alimsubiri akate simu, akamletea jembe.

"Asante imefika, shemeji. Sasa anza msingi, wingu hilo la ziwani linakuja."